Ombi la Kuwa Mpangaji Katika Familia ya Kiwanda

Kwa Mkurugenzi,
Kiwanda cha Magodoro,
Ghorofa ya juu, mlango wenye zulia.

Mheshimiwa Baba Mkurugenzi,

KUHUSU: KUBADILISHIWA UNDUGU

Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima na mwenye moyo mwepesi, maana mimi niliyeiandika sina hata kimoja. Mimi ni karani wa usafirishaji, yule kijana mwembamba anayekaa karibu na dirisha lisilofungika, ambaye ulimpita kwenye ngazi Jumatatu akakuamkia mara mbili. Ya kwanza ilikuwa ya Mkurugenzi, ya pili ilikuwa ya Baba. Sikujua ipi inahesabiwa.

Kabla sijafika kwenye malalamiko, naomba ieleweke kwamba sipingi kitu chochote. Ninalalamika tu, kwa heshima, na kama kulalamika nako hakuruhusiwi, naomba barua hii ichukuliwe kuwa ni salamu.

Baba, sote tunaikumbuka asubuhi uliyorudi kutoka kwenye semina ya uongozi. Ulituita kwenye uwanja wa kupakilia, ukapanda juu ya magodoro manne yaliyopangwa, ukatuhutubia. Magodoro yalikuwa mapya na sponji yake nzito, kwa hiyo kila ulipotilia neno mkazo ulipanda juu kidogo ukashuka. Ulisema timu haijengwi kwa fulana zenye nembo wala kwa mabango ukutani, bali kwa maneno madogo ya kila siku. Ukasema neno "bosi" ni ukuta, neno "mfanyakazi" ni ukuta, na neno "idara" ni ukuta usio hata na dirisha. Kuanzia siku hiyo kiwanda kingekuwa nyumba moja, na kila mtu angeitwa kwa undugu wake. Tulipiga makofi. Mimi nilipiga kwa nguvu kuliko wengine kwa sababu ulikuwa unanitazama.

Kufikia saa ya chai, Afisa Utumishi alikuwa amekwisha kuujaza ule ubao mweupe ulio kando ya mashine ya mahudhurio. Wewe ukawa Baba. Meneja Uzalishaji akawa Mama. Afisa Utumishi akajipa mwenyewe cheo cha Shangazi, na hakuna aliyeshangaa. Mlinzi wa getini akawa Baba Mdogo. Fundi mitambo akawa Mjomba. Mtunza bohari akawa Babu kwa kuwa alianza kazi kabla ya wote, ingawa Jumapili bado anacheza mpira, tena namba tisa. Madereva wetu wawili wa lori, ambao walikuwa hawasemezani tangu mmoja amwage chai kwenye kiti cha usukani, wakawa Mapacha. Sisi wengine tuliobaki tukawa watoto.

Nia ilikuwa njema. Nalisema hili kwa wino. Lakini yamezuka mambo, na kwa kuwa wazazi waligharimika kunisomesha, nimeyapanga kwa namba.

1. Kuhusu Babu

Zamani nilikuwa napeleka hati ya mzigo bohari, mtunza bohari anaisoma, anagonga muhuri, magodoro yanatoka. Sasa Babu hatumwi. Mjukuu anafika, anaamkia, anaambiwa akae, anaulizwa kama amekula. Kisha Babu anasimulia magodoro ya zamani yaliyojazwa pamba, na jinsi vijana wa leo tunavyolala juu ya povu ndiyo maana hatuna misimamo. Ameanza kukohoa, Baba. Alikuwa hakohoi. Jumapili nilimwona uwanjani akifunga bao la kichwa, na Jumatatu asubuhi akanyanyuka kwenye kigoda kwa kushika kiuno na kuniegemea begani: "Taratibu, mjukuu wangu, taratibu. Mifupa hii imebeba mengi." Nje, lori lilikuwa linanguruma.

Tena, kama walivyo mababu wote, anawatania wajukuu wa kike. Anawaita wake zake. Hasa mmoja. Jambo hili nitalirudia kwenye namba tano, nikijaliwa ujasiri.

2. Kuhusu Mjomba

Fundi mitambo alikuwa mtu mkimya, mwenye bisibisi mfukoni na neno moja kwa siku. Mara tu alipoandikwa Mjomba, wapwa wakamvamia. Wanaleta pasi, feni, redio, baiskeli za watoto, na mmoja alileta mlango. Akisema ana kazi, wanamtazama machoni na kumwambia, "Mjomba, hata mimi kweli?" Basi anapokea, wala sidhani kama yupo mjomba aliyewahi kuyakataa maneno hayo. Juzi mashine ya kukatia sponji ilisimama mchana kutwa, Mjomba akiwa chini ya meza anamtengeneza mwanasesere anayeimba. Mwanasesere alipona. Sasa anaimba kwenye chumba cha kukatia kuanzia asubuhi mpaka jioni, wimbo mmoja, na mashine bado inaumwa.

3. Kuhusu Mama

Meneja Uzalishaji alikuwa mkali, na sote tulikuwa na amani. Mtu akichelewa alipewa barua ya onyo, akaitia saini, akaumia mchana mmoja, akasahau. Siku hizi hatoi barua. Anamtazama aliyechelewa, anashusha pumzi, anasema, "Haya. Mimi nimeshazoea," kisha anaenda kusimama dirishani akiwa ametupa mgongo.

Baba, hatuwezi kufanya kazi. Kijana wa kufungasha, tunayemwita Radi kwa sababu ya upole wake, alichelewa Jumanne akaambiwa hivyo. Aliingia ndani ya mfuko wa nailoni wa godoro kubwa ili alie asionekane, akasahau kuwa mifuko ile inaonyesha. Tulimzunguka tukimpa pole kwa nje. Tunaomba barua za onyo zirudishwe haraka. Barua ya onyo mtu unaifungia kwenye droo. Huzuni ya Mama unaondoka nayo hadi nyumbani, unakula nayo.

4. Kuhusu wageni, na Pacha mmoja

Wateja hawaitwi tena wateja, wanaitwa wageni. Wiki iliyopita alikuja mwenye hoteli moja amebeba godoro lililobonyea katikati, uso umemvimba kwa hasira. Binti wa mapokezi, kwa kuufuata ubao, alimpa kiti, akampa maji, akamuuliza habari za nyumbani, za watoto, za biashara, za mvua. Kila alipogusia godoro aliambiwa, "Pumzika kwanza, mgeni wetu, umetoka mbali." Anakaa mtaa wa pili. Mwishowe Shangazi akatoka na kumweleza kwa upole kwamba yaliyolipata godoro lile ni mambo ya ndani, tutayamaliza wenyewe. Kisha tukamsindikiza, sote, mpaka kwenye kona, tukipokezana kumbebea godoro lake lile lile. Alipofika kwake ndipo akapiga simu kwamba amekumbuka alikuja kugombana.

Siku hiyohiyo Pacha mmoja aliandika barua ya kuacha kazi. Shangazi akamrudishia, akasema mtoto haachi kazi nyumbani kwao, labda atoroke. Basi akatoroka. Alirudi mchana kwa sababu alikuwa amesahau chakula chake kwenye lori, na Mama akamkumbatia huku analia, na kupakia kukasimama kwa sababu ya furaha.

5. Kuhusu Dada

Hapa nimebadilisha kalamu mara mbili, utaona kwenye herufi.

Kwenye chumba cha kushonea yupo binti anayeendesha cherehani ya pindo, ile inayolizunguka godoro na kulifunga ukingo. Kabla ya semina nilikuwa nampelekea lebo za mizigo mimi mwenyewe, ingawa pale mlangoni kuna kisanduku cha kuziwekea. Siku moja alizima mashine akaniuliza mbele ya wenzake, "Karani, hizi lebo unazileta mojamoja, kwani zinaumwa?" Chumba kizima kilicheka. Nilimjibu kuwa ni utaratibu mpya kutoka juu. Kesho yake nikapeleka mbili.

Tangu hapo mambo yalikwenda vizuri, kwa mwendo huohuo wa lebo. Tukawa tunakula pamoja mchana juu ya marobota ya kitambaa. Tukafika mahali ambapo aliniambia, huku akitazama kwingine, kwamba mama yake anauliza hao watu wangu watakuja lini, au ni watu wa kusimuliwa tu. Wewe ni mtu mzima, Baba, unajua swali hilo lina uzito gani. Nilirudi mezani kwangu nikaugonga muhuri wa IMEPOKELEWA kwenye kiganja changu mwenyewe.

Wiki ileile ukapanda juu ya magodoro.

Ubaoni, chini ya Mama, mimi na yeye tumeandikwa mstari mmoja: Kaka, Dada. Sasa nikikaa naye kwenye marobota, Mjomba anakohoa kutoka chini ya mashine. Jioni, Baba Mdogo ananisimamisha getini: "Mwache dada yako awahi nyumbani, na wewe shika njia yako." Radi, mtu anayelia ndani ya nailoni, aliniuliza kama sioni aibu. Na wewe mwenyewe, Baba, ulitukuta uwanjani nimemshikia mwavuli, ukanipiga bega, ukasema, "Safi sana, mwanangu. Nafurahi unavyomlinda dada yako." Ulilisema kwa upendo mtupu. Nilisikia kitu kikivunjika, na mpaka leo sijui kama kilikuwa mwavuli au mimi.

Yeye alicheka mpaka akachuchumaa. Tangu siku hiyo ananiita "Kakaaa!" kwa sauti inayoishinda cherehani, nami sijui kama ananitania au amekwisha kukubali matokeo.

6. Kuhusu muuza vitambaa

Hili ndilo linaloninyima usingizi, tena juu ya godoro letu wenyewe.

Kila wiki huja mwakilishi wa kampuni inayotuuzia vitambaa, mwenye mkoba wa sampuli na viatu vinavyong'aa hata mtu unaweza kujitazama humo ukachana nywele. Si mwajiriwa wetu. Hayumo ubaoni. Nimechunguza kwa makini, Baba: ndani ya jengo hili, kuanzia getini mpaka kwenye paa, huyo ndiye mwanamume pekee asiye ndugu wa binti yule. Kiwanda kimemwondolea washindani wote kwa kalamu moja ya ubao, bila yeye kutoa jasho.

Naye amelijua. Zamani sampuli alimwonyesha Mama tu, akaondoka. Siku hizi anadai kitambaa lazima kitazamwe kikiwa chini ya sindano, basi anajisimamisha kando ya cherehani ya pindo, anakishikilia kwa vidole viwili, na mimi ninapopita na lebo zangu ananiita "shemeji". Mbele ya watu, Baba! Na watu wanaona ni sawa! Babu alimpa kigoda chake. Mjomba alimrekebishia zipu ya mkoba. Mimi mwenyewe, Mungu anisamehe, niliitika "Naam, shemeji" kabla akili haijafika, kwa sababu nimelelewa kuitika.

7. Kuhusu maneno yenyewe

Chuoni tulifundishwa kwamba anayelalamika atoe na pendekezo. Natoa langu kwa hofu.

Kabla ya semina kulikuwa na siku ya mvua. Unaikumbuka? Ilishuka ghafla, na magodoro ya hospitali yalikuwa nje, lori liko wazi, tumesambaa kama kuku. Ulishuka ngazi ukiwa na tai yako ya buluu na viatu vya ngozi. Nilidhani umekuja kutugombeza. Ukasimama mbele ya godoro lililokuwa mikononi mwa mtunza bohari, ukauliza, "Nishike upande gani?" Naye, bila kufikiri, akakujibu, "Huo wa mbele, mzee, na usiachie!" Ulishika. Hukuachia. Ulibeba mpaka la mwisho, na tai ikakuchujia rangi shati zima.

Siku ile hakuna aliyekuita Baba, na hakuna aliyekumbuka kukuogopa, hata mimi ambaye huiogopa simu ya ofisini. Wiki nzima iliyofuata maneno hayo yalizunguka kiwandani. Kwenye mashine: "Nishike upande gani?" Kwenye kufungasha: "Nishike upande gani?" Hata Mapacha, wakati huo wakiwa bado maadui tu, mmoja alimuuliza mwenzake hivyo kwenye kubadilisha tairi, kisha wakakumbuka hawasemezani wakanyamaza. Hakuna aliyetuagiza kusema hivyo. Tulikusikia wewe ukisema umelowa, tukaona ni maneno mazuri ya kuwa nayo.

Kwa hiyo, Baba, naomba mojawapo ya haya:

(a) Nifanywe binamu. Lakini hili nalo naliogopa, kwa kuwa ziko koo zinazoruhusu na ziko zinazofukuza kwa fimbo, nami sijaulizia kwao ni upande upi.

(b) Nifanywe jirani. Ubaya wa jirani ni kwamba anaishia uani, na marobota yako ndani.

(c) Nifanywe mpangaji. Nafasi hii nimeitafakari kwa usiku kadhaa na sioni kasoro yake. Mpangaji anaishi ndani ya nyumba, anaamkiana na kila mtu, anafagia zamu yake, anajua taa ya choo inawashwa wapi, lakini hana undugu na yeyote. Anaweza kupenda ndani ya nyumba hiyohiyo na asitengwe na mtu.

(d) Kama nafasi ya mpangaji haipo, basi ubao wote ufutwe na familia ivunjwe. Wewe urudi kuwa Mkurugenzi, mimi niwe karani, na binti wa cherehani ya pindo awe mtu baki kabisa, asiyenihusu kwa lolote, ili niweze kumwoa.

Nasubiri uamuzi wako nikiwa na hofu yangu ya kawaida. Nisalimie Mama, na umwambie nilichelewa mara moja tu na bado nalifikiria. Msalimie Shangazi, ambaye najua ataisoma barua hii kabla yako. Msalimie Babu pamoja na kiuno chake, Mjomba pamoja na mwanasesere, Baba Mdogo getini, Radi popote alipojificha, na Mapacha wote wawili, kila mmoja kwa wakati wake. Muuza vitambaa simsalimu, ila usimwambie.

Ni mimi mtiifu wako, na kwa sasa mwanao,

Karani wa Usafirishaji

NYONGEZA: Baba, naomba barua hii isifanyiwe kazi.

Ningeichana, lakini Shangazi alikuwa amekwisha kuigonga muhuri wa kupokelewa, na barua iliyopokelewa haichanwi. Amenirudishia niongeze haya machache, akiniambia, "Ongeza tu, mwanangu. Mimi nimeshaisoma, Babu kaisoma, getini wameisoma, na chumba cha kushonea nimewasomea kwa sauti kwa sababu mashine zina kelele."

Nilikimbilia huko nikitaka kufa. Sikumkuta binti kwenye cherehani. Nilimkuta kando ya mashine ya mahudhurio, amepanda kiti, anafuta neno Dada kwa kiganja. Kisha akaandika upya palepale, kwa mwandiko ulionyooka kama pindo: MPANGAJI. Akanigeukia kutoka juu ya kiti. "Wewe karani, barua ndefu yote hiyo, kumbe dawa ni kufuta tu? Mama yangu wa nyumbani kasema watu wako waje Jumamosi. Na yule wa vitambaa nimeshamwambia, sampuli zake nzuri, ila sizishoni."

Nilifurahi, Baba, nikakimbilia mezani kwangu nikaruka, nikaligonga lile dirisha lisilofungika, sasa halifunguki. Halafu hofu ikarudi yote kwa pamoja. Kuna jambo ambalo sikulipa namba kwa sababu naliogopa kuliko hayo saba. Wazazi wangu walitangulia, na mama mdogo aliyenimalizia malezi yuko mbali, miguu yake haiwezi tena safari. Mtu haendi peke yake kwa watu kujisemea. Tangu mama yake aulize watu wangu watakuja lini, nimekuwa nikijiuliza ni watu gani hao.

Basi nilirudi mbele ya ubao nikausoma kama mtu anayeuona leo. Baba yupo. Mama yupo, na akishusha pumzi kule, mama wa binti atamwelewa mara moja. Shangazi wa kusema yupo. Baba Mdogo yupo. Mjomba yupo, na nyumbani kwa kina binti nimesikia feni haizunguki. Babu yupo, na sasa ninakiona kile kikohozi kuwa baraka, maana kitatupa heshima ambayo mimi sina. Mapacha watatuendesha kwenye lori, sote nyuma tumekalia magodoro. Radi atakuja kulia, sherehe haikosi mtu wa kulia. Hakuna kinachopungua.

Kwa hiyo naomba ubao usifutwe. Naomba usifutwe kabla ya Jumamosi jioni, na baada ya hapo naomba usifutwe kabisa. Niacheni nilipoandikwa, chini ya Mama. Yeye ameshahama.

Kiwandani wewe ulikuwa baba wa wote wawili, na najua tukishuka kwenye lori mlangoni kwao utauliza, kama siku ile ya mvua, ushike upande gani. Shika wangu, Baba. Na usiachie.